Giaboksi ya Gari Lililolala

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Kazi yangu ni stoo. Nimetunza stoo ya hospitali moja mjini Washington kwa muda mrefu, hadi nikialikwa chakula nyumbani kwa mtu macho yangu yanaanza kukagua kabati kabla sijakaa. Glavu zinapotea, betri zinapotea, mashuka yanaondoka kana kwamba yana miguu, na kila anayekuja dirishani kwangu anakuja na uso wa malaika. Ukikaa pale bila kushuku, utakayefukuzwa ni wewe. Kwa hiyo watu wakiniambia, "Mzee, wewe unashuku mno," nawajibu kwamba ndicho ninacholipiwa.

Nina gari la zamani la kupandia milima. Ni refu, zito, la gia otomatiki, na lina kile kijiti cha pili cha kuamsha magurudumu yote manne. Nililinunua kwa Mhabeshi mmoja upande wa Virginia nikiwa na nia moja tu, kulitia kwenye kontena liende Iringa siku tutakapostaafu, mimi na mke wangu, tuwe na kitu cha kutufikisha shambani wakati wa masika. Ndiyo maana sikulitumia hovyo. Siku za kazi lilisimama mbele ya nyumba yetu hapa Bowie, nje ya mji, na mimi niliondoka na gari letu dogo kwenda stesheni ya treni. Jumapili tu ndiyo nililitoa, kwenda kanisani na kurudi, damu yake izunguke.

Mke wangu hakujua kuendesha. Anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, zamu zake nyingi za mwisho wa wiki na jioni, na mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyemrudisha. Aliwahi kuniomba nimfundishe. Nikamwambia, kuna haja gani na dereva unaye? Hakuniomba tena. Watoto wetu wameshakua, kila mmoja yuko jimbo lake, kwa hiyo nyumbani tulibaki sisi wawili, mpaka mama mkwe alipofariki na baba mkwe akaja kukaa nasi kwa muda. Mzee huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Makambako mpaka Lusaka, na sasa alishinda sebuleni akitazama barabara isiyo na mtu.

Jumapili moja mwanzoni mwa baridi tulipanda wote watatu kwenda kanisani. Nikawasha, nikavuta gia ya kwenda mbele, gari likatulia tuli. Halikwenda. Nikaanza kuona aibu mbele ya mkwe wangu, aliyekaa kando yangu. Mara likashtuka, pa! Likaondoka. Barabarani, kila lilipotaka kuingia gia ya tatu, injini ilipiga kelele bure na mwendo haukuongezeka, kisha pa tena. Na kulikuwa na harufu. Haikuwa ya mpira wala ya waya. Ilikuwa ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua.

"Lina nini?" mke wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Limechoka kulala," nikamjibu.

Baba mkwe alitazama nje dirishani njia nzima.

Mchana ule ule nikavua suti nikaingia kazini. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hayapimwi kama oili ya injini. Gari lazima liwe limepata moto, lisimame mahali tambarare, injini iwe inanguruma, na uwe umepitisha gia zote moja moja, kwenda na kurudi. Ukipima limezimika utadanganyika. Nikafanya yote hayo, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya jikoni. Mafuta yalitakiwa yawe mekundu. Yangu yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyochemka mno, na katikati ya tone kulikuwa na vumbi jeusi.

Ala! Mafuta yale yalikuwa mapya. Yalibadilishwa kiangazi na fundi mmoja Mkenya anayefanyia kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yake, njia ya Upper Marlboro. Damu ikanichemka. Nikajua nimechezewa shere, jamaa kanitilia mafuta yaliyotoka kwenye gari la mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata nikamwendea na karatasi yangu mfukoni.

"Mzee, unaniita mwizi kwangu?" akaniuliza, mikono kiunoni.

"Sijasema mwizi. Nimesema mafuta."

"Sawa. Basi tufungue sufuria, wewe mwenyewe ukiangalia. Usije ukasema nimeficha kitu."

Tukalipandisha juu, tukafungua lile bakuli la chini ya giaboksi, na nilisimama karibu naye kiasi kwamba alinisukuma kwa kiwiko zaidi ya mara moja. Chini ya bakuli huwa kuna sumaku ya kukamata vyuma. Yetu ilikuwa na uji mwembamba wa kijivu, jambo la kawaida kwa gari la umri ule. Vipande vya chuma havikuwepo, kwa hiyo hakuna kilichovunjika ndani. Lakini vumbi jeusi lilikuwa tele, na hilo ni la klachi za ndani, zile sahani zinazoshikana gari linapobadili gia. Mabomba ya kupoozea mafuta nayo yalikuwa safi, na kompyuta ndogo ya fundi haikusoma kosa lolote.

"Hii imechomwa na dereva," akasema. "Kuna mtu anarusha gia gari ikiwa mbio."

"Dereva ni mimi."

"Basi ni wewe," akasema, na akacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile, ingawa sikuweza kuonyesha kosa lake lolote. Akatia mafuta mapya na chujio jipya, akaniambia nilitazame kwa muda kabla sijaamua kufungua giaboksi yenyewe.

Njiani kurudi nikaanza kufikiri kama mtu wa stoo. Mali ikipungua na mlango haujavunjwa, mwizi ana ufunguo. Mimi najua ninavyoendesha, taratibu kama ninabeba mayai. Gari lililolala haliwezi kuunguza mafuta. Kwa hiyo gari langu halikuwa likilala.

Nikaanza kulichunguza. Nikakuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele kidogo, karibu na usukani kuliko ninavyokaa mimi. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinamishwa. Kiti cha abiria nacho kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, kama cha mtu anayenyoosha miguu kwa raha zake. Nikakaa pale. Nikaona picha yote: kuna mwanamume anaendesha gari langu mchana, mwanamume mfupi, na kando yake mke wangu amejinyoosha kama malkia.

Haki ya Mungu, usinicheke. Kuanzia hapo nikawa nawatazama wanaume wote wafupi pale kanisani. Kulikuwa na mmoja wa kwaya, mtu wa sauti ya pili, ana tabia ya kumsalimia mke wangu kwa mikono miwili. Nikamkazia macho mpaka akahama benchi.

Giaboksi ingekufa ningetafuta nyingine kwenye magari yaliyogongwa. Mke sina mwingine, wala sikutaka mwingine. Nilimpenda na nilikuwa naogopa, na hofu ile ilikuwa inanila kutwa, kazini na nyumbani. Nilikuwa nahesabu sindano nasahau nimefikia wapi, naanza upya.

Nikatega. Asubuhi moja kabla ya kuondoka nikaweka karanga moja, na ganda lake, nyuma ya tairi la nyuma, imeegemea mpira kabisa. Jioni niliporudi karanga ilikuwa chapati. Mke wangu alikuwa na mapumziko siku hiyo.

Ningemuuliza mkwe wangu, maana yeye alishinda nyumbani. Lakini mkwe haulizwi maswali ya kipelelezi. Mahali nilipozaliwa mimi, baba mkwe humpokei kitu kwa mkono mmoja, hukalii kiti chake, na mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha. Nikazunguka mbuyu.

"Shikamoo baba. Mchana huwa mnapata kupumzika?"

"Marahaba. Tunapumzika sana, mwanangu. Huku kwenu kazi ni kupumzika."

Basi. Hapo ningeongeza nini?

Siku moja nikimrudisha mke wangu kutoka zamu, nikamwambia nikitazama mbele, "Kuna mtu amelipanda gari kubwa?"

"Gari kubwa?"

"Unajua ninachosema."

Akageuka akanitazama. "Unataka kuniuliza nini? Niulize."

"Naulizia gari."

"Basi liulize gari," akasema, akaegemea dirisha.

Nikaona sasa imebaki njia moja. Nikaomba ruhusa kazini. Asubuhi nikavaa kama kawaida, nikabeba chakula changu, nikaaga. Gari dogo nikaliacha kwenye maegesho ya duka la vyakula, nikarudi kwa miguu. Bowie hakuna anayetembea kwa miguu. Ukionekana unatembea na koti la ofisini, watu wanadhani umeharibikiwa na gari au na akili, na mama mmoja alipunguza mwendo kabisa akanitazama. Nikajikausha. Nilipofika nyumbani nikazunguka upande usio na dirisha, nikafungua mlango wa nyuma wa gari kubwa, nikapanda ndani ya buti, nikajifunika turubai pamoja na jeki, kamba, na madumu ya oili. Nikalala humo kama gunia.

Baridi ilinipiga mpaka meno yakagongana. Mguu mmoja ukafa ganzi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Wakishaingia, wakishaondoka, wakishafika huko waendako, nitafunua turubai na kusema neno moja tu, "Haya!", halafu tuone huyo mfupi atakimbilia wapi.

Nikasikia nyayo za watu wawili. Mtu akalipiga tairi teke, akazunguka, akalipiga na la upande wa pili. Kisha sauti ya kiume, nzito, ikasema chini chini:

"Umekagua chini kama kuna mafuta yanavuja?"

"Nimekagua, baba."

Mama yangu! Ilikuwa sauti ya mkwe wangu. Na aliyemjibu alikuwa mke wangu.

"Fungua huko nyuma tuone kama jeki ipo. Dereva haondoki bila jeki."

Nikafumba macho. Hotuba yangu yote ikayeyuka. Niambie wewe, ningefanyaje? Nitoke chini ya turubai, na vumbi puani, nimwambie baba mkwe shikamoo?

"Huko usiguse, baba," mke wangu akasema haraka. "Ni vitu vyake. Kikihama kimoja tu, atajua. Juzi alitega karanga nyuma ya tairi."

"Karanga?"

"Karanga. Niliiona."

"Na hukuiondoa?"

"Niliiacha ipasuke. Nimechoka kuficha."

Milango ikafungwa. Kiti cha dereva kikasogea mbele, krr, na kando yake mzee akajinyoosha. Mke wangu akawasha gari. Mke wangu! Akalirudisha nyuma kwa woga, breki, kidogo, breki, mimi huku nyuma napigwa na jeki mbavuni. Kisha tukaingia barabarani. Nikachungulia pembeni mwa turubai, na kupitia kioo cha nyuma niliona matawi yasiyo na majani na nyaya za umeme zikipita. Nilijua kwa kona tu kwamba tunashuka upande wa mtoni.

"Mteremko huo," baba mkwe akasema. "Sasa toa gia, weka fri. Acha liteleze lenyewe. Petroli ni mali ya watu."

Nikasikia kijiti kikisukumwa, klak, na injini ikapoa. Gari likateremka kimya kimya, upepo tu. Wanafanya hivyo madereva wa malori wa kwetu, kwenye miteremko mirefu wanatoa gia kabisa ili lori lishuke bila kunywa mafuta. Kwa lori ni hatari. Kwa otomatiki ni kuua, kwa sababu ukirudisha gia gari likiwa kwenye mwendo, zile sahani za ndani zinadakana kwa kishindo, zinasuguana, zinaungua.

"Haya, rudisha."

Pa!

Niliusikia mshindo ule kwenye uti wa mgongo. Nikauma turubai nisipige kelele. Na tulipofika mteremko mwingine, akamwambia tena weka fri, na yeye akaweka, mtoto mtiifu, akarudisha, pa! Ugonjwa wa giaboksi yangu nikawa nimeupata. Hakukuwa na mwanamume mfupi. Kulikuwa na mke wangu, ambaye miguu yake ni mifupi, na baba yake, ambaye miguu yake ni mirefu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kumwambia yule mzee aache gia za watu.

Wakasimama mahali wazi. Nadhani palikuwa uwanja wa magari wa kanisa kubwa, maana siku za kazi huwa patupu. Wakafanya mazoezi ya kurudi nyuma na kuegesha, kulia, kushoto, tena, tena. Mzee alikuwa mwalimu mzuri, hakupaza sauti hata mara moja. Kisha akamwambia azime, injini ipumzike. Nikasikia akimimina chai kutoka kwenye chupa.

"Nikuulize kitu," akasema. "Mumeo anakupiga?"

"Hapana, baba. Hajawahi kuninyanyulia mkono."

"Anakunyima?"

"Haninyimi kitu."

"Sasa kwa nini tunajificha kama wezi? Mtu anakupeleka kazini, anakurudisha. Wenzako wanatafuta mume wa namna hiyo."

Mimi chini ya turubai nikasema moyoni, mwambie, baba, mwambie huyo!

"Nikichelewa kutoka kazini," mke wangu akaanza, "ananiuliza nilikuwa na nani. Nikiwahi, ananiuliza kwa nini nimewahi. Nikicheka na simu anauliza nani huyo. Nikinyamaza anauliza nawaza nini. Kanisani nikisalimiwa, njiani nahojiwa. Ulipokuja wewe amepunguza, anakuonea haya. Lakini wewe utaondoka, baba. Ukiondoka nitabaki ndani ya nyumba ile na maswali yake, na mlangoni kuna barabara nisiyoweza kuifuata popote bila yeye kunipeleka."

Nilitafuta uongo ndani ya maneno yale, kama ninavyotafuta sanduku lililopungua vitu. Nikakosa. Masikio yalinichoma moto. Nilitaka kusema kwamba ninauliza kwa sababu ninajali, lakini nililisema hilo kimoyomoyo na hata mimi sikulipenda lilivyosikika.

Mzee akanywa chai yake. "Mimi nilikuwa naondoka nyumbani nakaa barabarani mwezi mzima," akasema. "Mama yako sijui alicheka na nani. Nikirudi nakuta nyumba ipo, nyie mpo, chai ipo. Sikuwahi kumuuliza."

"Najua, baba."

"Utamwambia lini?"

"Nikishapata leseni."

"Na akikataa usiendeshe?"

"Akikataa," mke wangu akasema, "nitakuwa nimeshajua kuendesha."

Akawasha gari. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza.

Kurudi nyumbani walipanda ile milima, na giaboksi ikateleza, injini ikilia, na mzee akamtia moyo, usiogope, ni ugonjwa wa gari tu. Walipoingia ndani, nikajikokota nje, nikaenda kuchukua gari dogo, nikakaa humo mpaka saa yangu ya kawaida ya kutoka kazini. Kisha nikarudi nyumbani, nikasalimia.

Tukala ugali na mchicha. Sikuwa na mpango wa kusema, nilipanga kujifanya sijui, nipeleleze zaidi. Lakini pa! ile haikunitoka masikioni. Mwishowe nikasema, nikiutazama ugali na si mtu:

"Gari la otomatiki haliwekwi fri kwenye mteremko. Linaungua klachi."

Mkono wa baba mkwe ukasimama juu ya sahani. Mke wangu hakuinua uso.

"Hata mteremko mrefu?" mzee akauliza taratibu.

"Hata mrefu, baba."

"Basi nimeua gari la mkwe wangu."

"Halijafa, baba. Linatibika. Ni kuliacha tu libaki kwenye gia."

Akaitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akashukuru kwa chakula na kuingia chumbani kwake. Nilimsikia akikohoa huko ndani. Mke wangu akaniangalia sasa.

"Ulikuwa ndani ya gari."

"Nilikuwa nyuma."

"Chini ya turubai?"

"Ndiyo."

Akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashika meza, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. "Basi umesikia yote," akasema. "Sina haja ya kurudia. Jumatatu nina mtihani wa barabarani. Mwenzangu wa kazini atanisindikiza. Nataka gari dogo."

Maswali yalipanga foleni kwenye ulimi wangu. Mwenzako yupi? Mwanamume au mwanamke? Mmejuana lini? Yalinikwaruza koo kama miiba ya samaki. Nikainuka, nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka mezani mbele yake. Hakunishukuru. Aliuchukua tu.

Jumatatu nilibaki nyumbani. Asubuhi mapema nililipeleka gari dogo kulijaza mafuta, nikalifuta vioo. Mwenzake akaja, mama wa Kikenya mwenye sauti kubwa, na mimi nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi kuona ni mama. Wakaondoka. Nikasimama dirishani. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai.

Walirudi kabla ya mchana. Mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na kwa jinsi yule mama alivyotoka akipiga vigelegele, nilijua amefaulu. Mwenzake akamkumbatia dirishani, akaingia kwenye gari lake, akaenda. Mke wangu hakushuka. Alikaa na mikono miwili kwenye usukani, injini ikinguruma, akitazama nyumba. Akaniona. Nikainua mkono. Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akageuza shingo, akarudisha gari nyuma taratibu, vizuri kabisa, akanyoosha, akaenda.

Nikaenda mlangoni, nikashika kitasa. "Mwache," baba mkwe akasema. Hajawahi kuniamuru kitu tangu nimuoe binti yake. Nikaachia kitasa.

Anakwenda wapi? Hakuna zamu leo. Simu yake niliiona juu ya meza ya jikoni, ameiacha. Nikaitia mikono mfukoni. Gari lilikunja kona ya mwisho wa mtaa, na barabara ikabaki tupu.

"Ulilijaza mafuta?" baba mkwe akauliza.

"Tangi limejaa, baba."

"Umefanya vizuri," akasema, akanywa chai yake. "Akirudi, isiwe kwa sababu mafuta yamemwishia."